Hema Kwenye Njia ya Kiboko

Bertille hakutaka kwenda. Hilo liwekwe wazi mapema, maana baadaye watu wa kambi ya reli walisema mengi, na wengine walidai eti yeye ndiye aliyemsukuma mumewe ajifanye mzungu. Uongo mtupu. Bertille alikuwa binti wa katekista wa upande wa Nyunzu, kwenye mashamba ya mihogo na vumbi jekundu, na tangu aolewe akaletwa Kalemie, mji wa kando ya ziwa, hakuwahi kulipenda ziwa hilo. Alilitumia tu. Alinunua samaki wake, akafulia maji yake, akarudi zake nyumbani. Sasa alale kando yake chini ya kitambaa, na watoto watatu, yeye mwenye nyumba ya matofali na mlango wenye komeo? Alipoambiwa mara ya kwanza alicheka, akidhani mumewe anatania.

Anatole hakuwa anatania. Mumewe huyo alikuwa mfungaji wa mabehewa pale karibu na bandari, kazi ya kusimama katikati ya chuma na chuma, ambayo ukizubaa unarudi nyumbani bila mkono. Alikuwa mtu mwema, nami sitamsema vibaya kuliko anavyostahili. Hakuwa mlevi, hakumpiga mkewe, na watoto walikuwa wakimpokea barabarani. Ila alikuwa na kidonda kimoja moyoni. Kwa miaka mingi injinia mmoja Mbelgiji alikuwa akimchukua kila kiangazi amsaidie kupeleka mizigo ya mapumziko ufukoni: hema, viti vya kukunja, masanduku ya chakula. Anatole alisimamisha hema, akawasha moto, akawatazama watoto wa mzungu wakila mkate na jamu huku miguu yao imezama mchangani, na baba yao amelala chali bila kufikiria kazi ya mtu yeyote. Jua likianza kuteremka, lori lilimrudisha mjini. Kila mara alifika nyumbani amenyamaza, na siku moja akamwambia mkewe, "Watoto wangu nao watakula mukate vile, kabla hawajakomaa."

Kosa lilijificha hapo hapo. Anatole aliujua mchana wa wale wazungu, usiku wao hakuuona hata mara moja. Hakujua kwamba lori likishaondoka walikuja wavuvi wa pale pale, wakakesha na taa na moto mpaka asubuhi. Hakujua kwamba hata mahali pa kuweka hema palikuwa pamechaguliwa na wavuvi hao, siku kadhaa kabla, na injinia alifuata tu kidole chao. Kwa Anatole hema lilikuwa hema, na ufuko ulikuwa ufuko.

Mwaka ule Zaïre ilipokwenda kucheza Kombe la Dunia, wazungu wengi walikuwa wanafunga virago, maana maduka na mashamba yao yalikuwa yamepewa wana wa nchi. Injinia naye akaondoka, na hema akamwachia Anatole. Basi! Kambi nzima ilikuja kulitazama limetandazwa uani. Wengine waliingia ndani wakatoka wakicheka, wengine walinusa kitambaa. Jirani yao Hubert, ambaye hakuwahi kumwacha Anatole apumue, alisema kwa sauti ya kusikika na wote, akimwita kwa cheo cha siku zile na jina lake la ukoo, "Sitwayen Ngoy, wewe njo muzungu wetu sasa. Tutaona kama utafika hata Mpala!" Watu walicheka. Anatole alicheka pia, lakini Bertille alimwona jinsi taya lilivyokaza, akajua kwamba safari imekwisha kuamuliwa na kwamba hakuna neno la mke litakaloizuia.

Na kwa nini hakusema neno hilo hata hivyo? Kwa sababu mwaka uliotangulia, Anatole aliponyimwa cheo kikapewa kijana aliyemfundisha yeye mwenyewe, Bertille alilia mbele ya majirani. Alilia kwa uchungu, si kwa ubaya, lakini Anatole hakusahau kwamba machozi ya mkewe ndiyo yaliyoitangaza habari ile. Tangu siku hiyo Bertille aliapa kwamba hatamwaibisha tena mbele za watu. Kiapo kizuri, ukikitazama kwa mbali.

Konje, likizo yake ya mwaka, ilipofika wakapanda mtumbwi wa mashini uliokuwa ukipeleka wachuuzi Mpala, kwenye misheni ya mapadri. Kalenga, mtoto wa kwanza, mvulana wa darasa la pili, alikaa mbele kabisa na kushika kamba kama nahodha. Agnès, ambaye jina lake hilo lilitumika nyumbani tu, maana kwenye biro za serikali majina ya kizungu yalikuwa yamekatazwa, alitapika njia nzima. François mdogo alilala mgongoni mwa mama yake. Wakateremshwa kwenye mdomo wa kijito, mahali pasipo na kijiji, na mwenye mtumbwi akasema atawapitia Jumapili akirudi. Sauti ya mashini ilipopotea nyuma ya rasi, Bertille alitega sikio akisubiri sauti nyingine ya watu. Hakusikia jogoo, wala kinu, wala mtoto wa mtu. Aliogopa waziwazi, akajikaza kwa kufungua vikapu.

Ufuko ule ulikuwa mawe na miiba, isipokuwa pahali pamoja. Katikati ya matete palikuwa na njia safi, pana, iliyotoka majini ikapanda mpaka kwenye nyasi ndefu za nyuma. Ilikuwa na mifereji miwili iliyokwenda sambamba, na tuta la majani mafupi katikati. Anatole aliiona akapiga makofi.

"Mama Kalenga, angalia! Gari inapitaka hapa. Pengine ni ya mapadri. Penye njia ya gari hakuna neno."

Gari halijawahi kufika pale tangu Mungu aumbe dunia. Njia ile ilikuwa ya kiboko. Mnyama yule ni mpana, miguu yake ya kushoto na ya kulia iko mbalimbali, na anapopita pale pale mwaka hata mwaka, yeye na mama yake na bibi yake, anachimba mifereji miwili na kuacha tuta kati. Mtoto wa mvuvi anaijua kabla hajajua kufunga kifungo. Lakini mtu wa reli akiona mistari miwili inayokwenda pamoja, moyo wake unatulia, maana maisha yake yote vitu vizito vimepita kwenye mistari miwili na kumwacha mzima yeye aliyesimama kando. Anatole akalisimamisha hema lake katikati ya njia, mlango ukitazama maji.

Watoto walifurahi, na ni lazima niseme hivyo, kwa sababu ni kweli. Kalenga alikuwa mashini ya treni, Agnès behewa, na François, aliyeanza kutembea tu, alikuwa mzigo unaoanguka kila mara. Walipanda na kushuka kwenye ile mifereji wakipiga honi. Anatole alikata mkate, akafungua kopo la jamu, akakaa mchangani kama alivyomwona injinia akikaa. Alimwita mkewe aje akae naye. Bertille akaja, akala mkate ule mtamu, na kwa muda mfupi alimpenda mumewe kama siku za uchumba, akajilaumu kwa kuwa na moyo mzito.

Alipokwenda kuokota kuni ndipo alipoona kinyesi. Kilikuwa cha majani matupu, kama cha ng'ombe, lakini kilikuwa kimerushwa juu ya vichaka vya kandokando ya njia hadi usawa wa kiuno chake. Hapakuwa na ng'ombe pande zile. Bertille alisimama na kuni mkononi akijaribu kumfikiria mnyama anayefanya hivyo, naye binti wa Nyunzu hakumpata. Akarudi bila kusema, na akawaita watoto wacheze karibu.

Alasiri akatokea mwanamke kutoka nyuma ya rasi, na beseni la samaki wa mikebuka kichwani. Alijitaja kwa jina la Émérence. Alikuwa mtu wa umri wa Bertille, mwenye mikono iliyobabuka kwa chumvi na moshi, na alisema kwamba yeye na shemeji zake wamepiga kambi upande wa pili wakikausha ndakala, wale dagaa wa ziwani. Alikuja kuuza samaki kwa sababu alisikia honi za watoto. Lakini alipoliona hema pale lilipo, alilitua beseni chini, na habari ya kuuza ikamtoka.

"Papa, nani aliwaonesha hapa?"

"Macho yangu," Anatole akajibu kwa furaha. "Karibu, mama. Unauza bei gani?"

"Hapa hapalalwi. Ondoeni vitu, twende kwangu. Kuko nafasi."

"Hapalalwi kwa sababu gani?"

Émérence alilitazama jua, lililokuwa limeanza kuteremka, kisha akayatazama maji, asijibu. Watu wa ufuko ule wana desturi yao: jua likishaanza kushuka, mwenye njia ile hatajwi jina karibu na maji. Wanasema kumtaja ni kumwita. Wewe na mimi tunaweza kucheka, lakini mimi sijawahi kukaa pale hata usiku mmoja.

Anatole ndiye aliyecheka. "Mama, mimi ni mutu wa shemandefere, mutu wa reli. Kwetu, kama unakataza kitu, unasema sababu. Sababu haiko? Basi hakuna katazo."

Émérence hakubishana na mwanamume. Alimshika Bertille mkono, akamwongoza mpaka mahali mfereji ulipoingia majini, na pale kwenye tope akamwonyesha alama ya mguu. Ilikuwa na vidole vinne vinene. Akauchukua mguu wa Bertille kwa mikono yake miwili, akauweka ndani ya alama ile, na nafasi ikabaki pande zote. Kisha akapanua mikono kuonyesha upana wa mwili, akafungua kinywa chake kadiri kilivyoweza kufunguka, akakifunga. Bertille alielewa. Akawaza habari moja tu: watoto wake wamepanda na kushuka kwenye njia hii tangu saa sita.

Alimwendea mumewe akamwambia kwa sauti ya chini, "Papa Kalenga, ni kiboko. Hii ni njia yake."

"Kiboko anakaa ndani ya maji," Anatole akasema. "Njo maana sisi tuko inchi kavu."

"Anatoka. Mama huyu anasema anatoka."

"Mama huyu hajasema kitu. Anataka tulale kwake ili kesho tununue samaki zake zote. Wazungu walilala kwenye michanga ya hii ziwa miaka na miaka. Kiboko alikula nani?"

"Tusogeze hema basi. Hata pale kwenye mawe."

"Juu ya miiba?" Aliinuka. Sasa hakuwa anacheka. "Sema tu wazi. Unataka turudi mujini, Hubert aulize, nawe ulie mbele ya watu."

Neno hilo lilimfika pabaya. Bertille akamtazama mumewe aliyesimama mbele ya hema na kisu cha jamu mkononi, akaona jinsi mtu huyo alivyokuwa ameingoja siku hii kwa miaka. Akikusanya watoto wote na kuondoka, atamwacha pale peke yake, na kitu kati yao kitavunjika ambacho hakitaunganika. Akibaki, watoto watalala njiani mwa mnyama. Alitafuta njia ya katikati, kama wanawake wengi wanavyofundishwa kuitafuta. Na akaipata, masikini.

"Agnès ana homa tangu kwenye mutumbwi," alisema. Haikuwa homa, ilikuwa kichefuchefu tu. "Na François anataka moto. Nitalala na hawa wadogo kwa mama huyu. Asubuhi tutakuja kunywa chai pamoja."

Anatole alielewa uongo huo, na alielewa pia heshima iliyokuwamo. Sauti yake ikalainika. "Na Kalenga?"

Bertille akasema, "Kalenga atabaki na wewe."

Alisema hivyo kwa sababu mwanamume aliyeachiwa mwanawe wa kwanza hajaachwa. Kuondoka na wote kungekuwa kumhukumu. Kumwachia mmoja kulikuwa kama kusema, bado wewe ni baba, bado nakuamini. Alimtoa mtoto kama mtu anayeweka dhamana. Alijisemea kwamba moto utawaka, kwamba Kalenga ana akili, kwamba ni usiku mmoja, na kwamba Bikira Maria naye ni mama.

Émérence alikuwa amekwisha kumbeba François na kumshika Agnès mkono. Akageuka. "Na huyu mukubwa? Munamuacha?" Akamnyoshea Kalenga mkono. "Njoo, baba. Njoo twende, kwangu kuko watoto wenzako."

Kalenga alikuwa amesikia yote. Watoto husikia. Mchana alikuwa amejigamba kwamba yeye ni mwanamume na atalala mlangoni kulinda hema, lakini sasa alipiga hatua moja kuelekea ule mkono wa mwanamke asiyemjua, kisha akamtazama mama yake ili apate ruhusa.

"Huyu anabaki," Bertille akasema. "Huyu ni mwanaume. Anabaki na papa yake."

Mtoto akarudisha hatua yake. Alikwenda akakaa karibu na mlango wa hema, akaanza kuchimba mchanga kwa kijiti. Bertille alipofika kwenye rasi aligeuka, akaona moto wa Anatole umewaka vizuri, na mgongo mdogo wa Kalenga kando yake. Akaendelea kutembea.

Kwa Émérence walikuta bukari, yaani ugali, ya moto na ndakala, na shemeji zake wawili, watu wapole, ambao waliposikia habari waliweka vijiko chini. Walitaka kwenda kuwatoa wale wawili hemani. Bertille aliwazuia. Aliwaambia mumewe ni mtu wa hasira, kwamba moto upo, kwamba asubuhi atazungumza naye vizuri. Hata hilo alilifanya kumlinda mumewe asije akatolewa hemani na wavuvi kama mwizi. Wanaume wale walimtazama, wakamtazama Émérence, wakarudi kula bila hamu.

Jioni ile kiboko alitoka kwa kupita mahali pengine, labda kwa sababu ya moto. Lakini alfajiri moto ulikuwa majivu, na mnyama aliyeshiba anarudi majini kwa njia anayoijua. Bertille alikuwa ameketi nje, hakuwa amelala, mashariki ng'ambo ya ziwa kumeanza kupauka, aliposikia kishindo nyuma ya rasi. Kisha akasikia sauti ya mumewe. Hakuwahi kuisikia sauti hiyo kabla, na asingeweza kuieleza.

Habari ya Anatole nitaimaliza haraka, kwa sababu hiyo ndiyo inayosimuliwa mjini. Hakufa. Kiboko alilipitia hema kama asiyeliona, akamkanyaga mguu wa kulia juu ya goti, akaingia majini na kitambaa kikiburutwa nyuma yake. Wavuvi walimpeleka Mpala kwa mtumbwi, na kutoka hapo hadi mjini, na mguu ukapona kwa kupinda. Hakurudi kufunga mabehewa. Alipewa kazi ya kukaa. Kwenye kambi ya reli walimtania hadi akazeeka. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," Hubert alikuwa akisema, akimnunulia chupa, na Anatole mwenyewe alijifunza kucheka na kuwaonyesha wageni kovu. Na Bertille akaketi pembeni, akiwapa watu viti. Majirani walimsifu. Walisema yeye ndiye aliyekuwa na akili, yeye ndiye aliyewaokoa watoto.

Bertille hakuwahi kuitikia sifa hizo. Yeye alikuwa na alfajiri yake mwenyewe.

Alipokisikia kishindo alikimbia. Émérence alikuwa nyuma yake, na wale shemeji na mapanga na kasia. Kabla hawajaizunguka rasi, wakamwona mtoto anakuja kwenye ukingo wa maji, peke yake, bila viatu, nusu uchi, anakimbia huku mkono mmoja umeinuliwa. Alikuwa ametambaa chini ya kitambaa upande wa mawe. Alikuwa mzima. Bertille alihisi uhai wake wote unamrudia mwilini, akapiga kelele, "Kalenga! Kalenga mwanangu!" akapiga magoti mchangani, akafungua mikono yake yote miwili.

Mtoto alimwona. Bertille hakujidanganya kwa hilo, maana macho yao yalikutana. Alimwona mama yake, akapunguza mbio kidogo, akampita kando, akaenda kujitupa kwa Émérence, akajifunika uso kwa kikwembe chake, kitenge kinachonuka samaki, akamshika kiuno kwa nguvu.

Émérence alisimama pale, mikono imemning'inia, akimtazama Bertille juu ya kichwa cha mtoto. Hakujua kama amkumbatie mtoto wa mwenzake au amrudishe. Mwishowe akamkumbatia, kwa sababu mtoto alikuwa anatetemeka.